Siku Nyama Ilipopotea Katika Sinema

Miaka ile ya hamsini, mtu wa Kariakoo aliyekusudia kufanya arusi au hitima alitafuta kwanza mpishi, ndipo akapanga siku. Wengi walianza kwa kupiga hodi mtaa wa Narung'ombe, nyumbani kwa Bi Sabaha.

Bi Sabaha alikuwa mjane wa miaka kama hamsini na mitano, mrefu, mkavu, mwenye sauti ya kusikika ng'ambo ya barabara. Pilau ya watu mia tatu aliipika kwa masufuria matatu, na wali wake haukushikana. Jikoni hakuwa mpole. Mwanamke aliyekuja kumsaidia kumenya vitunguu huku akisimulia mambo ya nyumba za watu alinyang'anywa kisu na kuambiwa akapumzike kwake. Msaidizi aliyedumu naye alikuwa mmoja tu, Clotilda, mwanamke wa Kingoni aliyemfuata mumewe bandarini kutoka Songea. Clotilda alicheka sana, lakini alifanya kazi huku akicheka.

Sifa ya Bi Sabaha haikutokana na wali peke yake. Alikuwa na desturi mbili, na hakuziacha hata pale mwenye shughuli alipomwambia kwamba hazina haja.

Ya kwanza ilihusu nyama. Nyama ya shughuli hununuliwa na mwenyewe, hukatwa, huchemshwa, kisha hukaa katika beseni ikingoja vitunguu viwe vyekundu. Hapo ndipo penye majaribu. Sote tunajua, ingawa hatupendi kulisema, kwamba jikoni mwa shughuli nyama huota miguu. Finyango mbili huingia chini ya kanga, bakuli hupita mlango wa uani, na mgeni wa mwisho hupewa wali mtupu na tabasamu. Bi Sabaha hakutia nyama katika sufuria mpaka watu wawili wa nyumba ile wasimame kando yake.

"Mashahidi!" huita. "Njooni mwone mali yenu inavyoingia!"

Ya pili ilihusu tumbo lake mwenyewe. Hakula kitu mpaka mgeni wa mwisho anawe mikono. Hapo huketi chini, akakwangua ukoko wa sufuria kubwa, akala huo na chumvi kidogo. Mtu akimsukumia sahani ya nyama alikataa. "Nikizoea kupewa," alisema, "iko siku sitapewa, na mkono utakwenda wenyewe."

Mtu wa namna hii ungedhani hawezi kusingiziwa. Basi sikilizeni.

Mwaka 1956 alipika arusi moja Magomeni, na nyama ikapungua. Ilipungua kwa sababu mwenye arusi aliwatangazia watu kwamba amenunua ratili themanini, naye alinunua hamsini. Mashahidi waliosimama kando ya sufuria walikuwa ndugu zake, wakanyamaza. Mwenyewe hakusema kwamba mpishi ameiba. Wageni walimwuliza, "Nyama imekwenda wapi?" naye akainua mabega. Alifanya hilo tu. Mtu anaweza kumharibia mwenzake maisha kwa kuinua mabega, kisha akaenda kusali kama kawaida.

Maneno yalivuka bonde la Jangwani upesi kuliko baiskeli. Shughuli mbili za Bi Sabaha zikahamishiwa kwa wapishi wengine, kwa udhuru wa adabu sana. Ikabaki moja kubwa, arusi ya Sofia, binti wa Mzee Hamis muuza nazi wa sokoni. Mzee Hamis alikwisha kusema naye tangu mwezi wa mfungo. Sasa kila walipokutana sokoni alikuwa na haraka.

"Tutaonana, Bi Sabaha, tutaonana."

"Tunaonana sasa hivi, Mzee Hamis. Macho ninayo."

"Nina mtu wa nazi ananingoja."

Bi Sabaha hakuwa mjinga. Alijua kwamba arusi ile ikienda kwa mwingine, Kariakoo nzima itahesabu jambo hilo kuwa hukumu, na mwiko wake hautaitwa tena popote. Kazi nyingine hakuwa nayo. Tena, na hili lilimwuma zaidi, jina alilolijenga kwa miaka thelathini lingezikwa kabla yake.

Wakati huo huo palikuwa na chama kidogo cha watu waliopenda kupiga sinema. Hawakuwa wa serikali wala wa kampuni yoyote. Walikuwa watu watano au sita wenye kamera ndogo za kujaza kwa ufunguo, kila mmoja na kazi yake. Kasmir alikuwa karani wa reli. Ramniklal aliuza vyombo vya shaba. Tulsidas, kijana wa miaka thelathini hivi, alikuwa na duka la vitambaa upande wa Uhindini, ng'ambo ya Mnazi Mmoja. Mwaka huo walipatana kwamba kila mmoja apige sinema fupi juu ya chakula cha mji wetu, kisha zionyeshwe zote Jumapili moja mchana, katika ukumbi wa chama kimoja cha ngoma mtaa wa Sikukuu.

Tulsidas alichagua pilau. Alikwenda Narung'ombe akavua viatu mlangoni.

"Shikamoo, Bi Sabaha."

"Marahaba. Kama umekuja kuuza kanga, ninazo."

Alimweleza. Bi Sabaha akamtazama yeye, akaitazama kamera.

"Wewe Banyani utapiga picha pilau yangu? Unajua ndani yake mna nini?"

"Mna wali, vitunguu, bizari..."

"Na ng'ombe, mwanangu. Mna ng'ombe."

Tulsidas akarudi nyuma hatua moja. Watu wa dini yake hawali nyama yoyote, na ng'ombe kwao ni mnyama wa heshima, kumwona amekatwa vipande ni msiba. Mwisho akasema kwa sauti ndogo, "Nyama ikija, niambie nigeuke."

Wako ambao wangecheka. Bi Sabaha hakucheka. Alimchukua kwenye hitima ndogo iliyokuwa ikifanywa na mtu wa Kilwa, mgeni wa mji ambaye hakuyasikia maneno ya Magomeni, na kazi ikaenda walivyopatana. Tulsidas alipiga kuni, moshi, mchele ukioshwa, mikono ya Clotilda ikimenya viazi. Alipiga hata beseni la nyama, maana lilifunikwa kitambaa cheupe na yeye aliona kitambaa tu. Vitunguu vilipokuwa vyekundu, Bi Sabaha aliwaita mashahidi, kisha akasema, "Geuka, mwanangu!" Tulsidas akashusha kamera, akaelekea ukutani kama mtoto aliyeadhibiwa. Aliposikia, "Basi, njoo," aligeuka, na kitu cha kwanza alichokipiga kilikuwa Clotilda, akicheka kwa jinsi alivyomwona pale ukutani, beseni kichwani, akitoka mlango wa uani kwenda kuliosha.

Nyumbani Tulsidas alikata mkanda wake na kuuunga. Alitazama, akaona vitunguu, akaona mchele, akaona sufuria limefunikwa na makaa juu ya kifuniko. Hakuona upungufu wowote. Mtu yeyote mla nyama angelishtuka pale pale, lakini yeye hakuwahi maishani mwake kungoja nyama itiwe sufuriani.

Jumapili ikafika. Madirisha ya ukumbi yalizibwa kwa mablanketi, na joto lilikuwa la kutoa jasho mpaka kwenye kope. Mbele walikaa wazee wa Kihindi, na kati yao bibi Ila, mama wa Tulsidas, mjane katika sari nyeupe. Nilipata nafasi safu ya nne, nyuma kidogo ya Mzee Hamis. Bi Sabaha na Clotilda walikaa ubavuni mwa ukumbi, karibu nami. Bi Sabaha alivaa kanga mpya. Hakusema, lakini alijua kwamba Mzee Hamis atakuwepo, na alitumaini kwamba akimwona kwa macho yake jinsi anavyofanya kazi, maneno ya Magomeni yatakufa yenyewe.

Sinema zile hazikuwa na sauti. Shomari, fundi baiskeli mwenye ulimi mwepesi, ndiye aliyeshika kipaza sauti na kueleza. Sinema ya Kasmir ilionyesha samaki wa Feri wakinadiwa mchangani na kukaangwa, na watu walipiga kelele kila walipomtambua mtu. Ya Ramniklal ilionyesha jilebi, vitafunio vitamu vya Kihindi, zikizungushwa katika mafuta, na hapo kila mmoja alimeza mate. Ikaja ya Tulsidas.

"Mabibi na mabwana," alisema Shomari, "huyu ni Bi Sabaha wetu, wa Narung'ombe! Msiulize harufu, kamera haina pua!"

Watu walicheka kwa furaha. Waliona mchele, wakaona viazi. Waliona beseni limefunikwa kitambaa cheupe, na Shomari akasema, "Nyama hiyo, imelala." Waliona vitunguu vikigeuka rangi. Mara wakamwona Clotilda, beseni lile lile kichwani, anacheka meno yote nje, anatokomea mlango wa uani. Na baada yake sufuria limefunikwa.



"Alaa!" ilisema sauti nyuma. "Na nyama je?"

Shomari hakuwa mtu mbaya. Lakini alikuwa na ugonjwa wa watu wengi wachekeshaji, kwamba maneno yanawatoka kabla hawajayapima.

"Nyama imesafiri, jamani!" alisema. "Imepanda kichwa cha Clotilda, inakwenda Songea!"

Ukumbi ulipasuka. Watu waliinama, wengine walipiga magoti yao. Kisha katika kicheko kile likapita neno, "Kumbe ya Magomeni kweli!" na kicheko kikabadilika. Mzee Hamis hakucheka. Aliinamisha kichwa na kuanza kutafuta kofia yake chini ya kiti.

Clotilda alikwisha kusimama. "Mama, waambie! Beseni lile lilikuwa tupu!"

"Kaa chini."

"Waambie huyu Banyani aligeukia ukutani!"

"Punguza sauti," alisema Bi Sabaha. "Mama yake yuko pale mbele."

"Na sisi je? Mimi mwizi?"

"Mama yake hajui kwamba mwanawe alisimama jikoni mwa ng'ombe. Sitamwambia mimi, mbele ya wazee wao. Kaa chini, Clotilda."

Nilikuwa karibu, nikayasikia maneno hayo kwa masikio yangu. Mwanamke yule alikuwa na neno moja la kumwokoa, nalo lilikuwa la kweli, na bado akalizuia kwa kuwa lingemwaibisha mtu mwingine. Sijui wangapi kati yetu tungefanya hivyo. Mimi sina hakika na nafsi yangu.

Tulsidas alikuwa nyuma na mashine yake. Mwanzo alidhani watu wamefurahi, naye akatabasamu. Aliposikia neno "mwizi" tabasamu likaondoka. Alizima mashine, akaomba blanketi moja literemshwe. Mwanga uliingia, watu wakafumba macho. Alipita katikati ya viti na kuchukua kipaza sauti mkononi mwa Shomari.

"Jamani, kosa ni langu," alisema. "Nyama ilitiwa. Mimi sikuipiga."

"Kwa nini hukuipiga?" aliuliza mtu. "Mkanda uliisha?"

Tulsidas alitazama safu ya mbele. Angeweza kusema ndiyo, mkanda uliisha, na mambo yangekwisha nusu nusu. 

"Mkanda haukuisha. Nyama ilikuwa ya ng'ombe. Niligeukia ukutani."

Wazee wa Kihindi waligeuka wote pamoja. Bibi Ila hakugeuka. Alizaliwa Bagamoyo, na Kiswahili chake kilikuwa safi kuliko cha wengi waliokuwemo ukumbini.

"Tulsi," alisema, bila kupaza sauti. "Uliniambia unakwenda kupiga picha za viungo."

"Viungo vilikuwepo, mama."

Mtu mmoja alicheka, akanyamazishwa.

"Na ng'ombe?"

"Naye alikuwepo."

"Ulimwona?"

"Sikumwona. Bi Sabaha aliniambia geuka, nikageuka mpaka aliponiita."

"Ulikula?"

"Nilitaka kula, mama. Wageni walikwisha ondoka, nilikuwa na njaa toka asubuhi. Bi Sabaha alikuwa anakwangua ukoko. Niliona ni wali mkavu tu, nikanyoosha mkono. Akanichapa na mwiko." Alionyesha mkono wake, kana kwamba alama ingalipo. "Akasema, 'Huu umelala na nyama, mwanangu, si chakula chako.' Akamtuma Clotilda akaniletee ndizi."

"Nani mwingine alikuwepo?"

"Hakuna, mama. Sisi watatu."

Bibi Ila aliondoka kitini. Alikuwa mfupi, na ilimchukua muda kuvuka mpaka ubavuni alikokaa Bi Sabaha. Akasimama mbele yake.

"Kumbe ndiwe uliyemchapa mwanangu."

"Ndimi."

"Ulimchapa sawasawa?"

"Kwa mwiko wa pilau. Si mdogo."

"Ahsante," alisema bibi Ila. Kisha aligeukia watu. "Nimesikia mnasema mama huyu ni mwizi. Mwanangu alitaka kula kitu ambacho dini yake imekataa. Mimi sikuwepo kumwona. Nyinyi hamkuwepo. Angekula, mama huyu angepoteza nini? Alimzuia. Haya, mtu anayelinda mwiko wa dini isiyo yake, pasipo mtu wa kumwona, ataiba finyango zenu?"

Nimekaa katika mikutano mingi yenye hotuba ndefu, na sijasikia hoja iliyonyooka kama ile.

Mzee Hamis alikuwa ameipata kofia yake. Aliishika mikononi badala ya kuivaa.

"Bi Sabaha," alisema, "nimekuwa na haraka sana siku hizi."

"Nimeona."

"Arusi ya Sofia ni Jumamosi ya pili mwezi ujao. Mashahidi tutakuwa mimi na mama yake."

"Nunua nyama ya kutosha basi," alisema Bi Sabaha. "Na wageni uwaambie kiasi ulichonunua, ratili kwa ratili."

Kila mtu alijua kwamba dongo lile limerushwa ng'ambo ya bonde, Magomeni. Shomari naye alikuja, amenywea, akasimama mbele ya Clotilda. "Dada, nisamehe. Ulimi huu."

"Songea ni mbali," alisema Clotilda. "Nyama ingefika imeoza. Ungefikiri kwanza." Akaanza kucheka, naye Shomari akapumua.

Watu walikuwa wameanza kuondoka Bi Sabaha aliposimama na kuitumia sauti yake ya ng'ambo ya barabara.

"Mnakwenda wapi? Zibeni dirisha! Sinema haijaisha, nami sijauona ukoko wangu."

Wakaziba. Na kweli, mwishoni mwa mkanda alikuwepo, amekaa chini peke yake kando ya sufuria tupu, sahani imejaa ukoko, hakuna hata finyango moja. Anatafuna polepole, uso umetulia kama wa mtu aliyemaliza kazi. Shomari alikiweka chini kipaza sauti. Ukumbi ulimtazama mpishi akila mpaka mwisho, na huko ubavuni Bi Sabaha naye alijitazama, ameridhika, akitikisa kichwa kidogo kana kwamba anauonja tena.

Arusi ya Sofia ilipikwa na nyama ikatosha mpaka kwa majirani. Bwana yule wa Magomeni hajasema kitu hadi leo, nami namwachia dhamiri yake, kama bado anayo. Tulsidas alikwenda kupiga picha za arusi hiyo pia, safari hii kwa ruhusa ya mama yake, ambaye alimfungia chapati na achari katika kitambaa ili njaa isimtie majaribuni.

Ile sinema ya pilau ilionyeshwa tena mara nyingi, kwa kuwa watu waliidai. Tulsidas aliongeza kipande kimoja tu ndani yake. Baada ya vitunguu, kabla Clotilda hajatoka na beseni, panaonekana ubao mweusi wa shule ulioandikwa kwa chaki, kwa herufi kubwa zisizo sawa: NYAMA IMETIWA HAPA. MPIGA SINEMA ALIKUWA AMEGEUKA.

Na kila ubao ule ulipotokea, ukumbi mzima, wajuao kusoma na wasiojua, waliusoma kwa pamoja kwa sauti kubwa, na wa kwanza wao alikuwa Bi Sabaha, ambaye hakujua hata herufi moja.